Komeo la Chumba Namba Tatu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi milango. Ukimsalimu ataitikia, ukiongeza swali, ataanza kutafuta futi yake. Mtaa mzima humwita Bubu, naye hakasiriki, au labda hukasirika kimyakimya.

Zamani mgonjwa wa akili aliyehitaji tiba ya kila siku alisafirishwa siku mbili kwa basi hadi hospitali kuu. Sasa kila wilaya ina kituo chake: unaingia asubuhi, unazungumza na wataalamu na wagonjwa wenzako, jioni unalala kwako, wiki sita mfululizo. Milango ya kituo chetu alitengeneza Bubu. Na dada, ambaye sonona ilimlaza kitandani miezi saba, akapata nafasi. Asiyeingia kikaoni siku ya kwanza saa tatu kamili, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata.

Siku hiyo mimi na Bubu tulimsindikiza. Dada alifika, akaona watu, akakimbilia chumba namba tatu na kujifungia.

"Nani kaweka komeo kwa ndani?" muuguzi akafoka. "Tuliagiza milango isiyofungwa!"

Bubu akainama. Miaka ishirini ya kupachika makomeo, mkono ulikwenda wenyewe. Akatoa bisibisi afungue bawaba. Nilitamani nimnyang'anye nimchome nayo.

"Usiung'oe," muuguzi akasema. "Ukimtoa kwa nguvu leo, kesho harudi. Ongea naye. Zimebaki dakika kumi."

Aongee! Huyu! Nikajua tumekwisha.

Akakaa sakafuni, akakohoa.

"Mama watoto, hilo komeo nimeweka mimi. Nimekosea."

Akasogea karibu zaidi na mlango.

"Na kabati la jikoni limepinda kweli. Sentimita mbili."

"Tatu!" Sauti ya dada hiyo.

"Tatu," akakubali mtu ambaye hajawahi kukubali hata nusu. Kisha akaanza kulia waziwazi. "Miezi saba sijui nikwambie nini. Mimi najua mbao tu. Hawa wanajua. Nakuogopea, mke wangu. Ingia."

Tulisubiri mpaka nikasahau kumkasirikia. Zikiwa zimebaki dakika mbili, komeo likasogea. Dada akatoka, macho mekundu, akaufuata mlango wa kikao. Akageuka.

"Uje unichukue saa tisa," akamwambia. "Usichelewe."

Kwa miezi saba dada hakuwa amemwomba mtu yeyote kitu. Bubu alikaa palepale sakafuni mpaka saa tisa.