Jina Nililolipigia Kelele Usangu

Kwetu sisi Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Sisemi anainamisha macho kwa adabu, hamtazami kabisa. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Haongei naye, wala jina lake halitaji, hata kama jina hilo ni neno la kila siku. Wangu aliitwa jina la yule mnyama mwenye manyoya shingoni, na wenzake wa machimbo ya dhahabu kule Chunya walikuwa wameligeuza Kiswahili. Basi nikafungwa mdomo kwa lugha zote mbili. Nikitaka kumtaja mnyama huyo nilisema "yule mkubwa", na majirani zangu wa Mbeya wakadhani nasema habari za Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Nilikuwa sijapata mtoto bado, na mama mkwe alishaanza kulitazama tumbo langu kila tulipokutana. Wakubwa walisema anayevunja mwiko wa mkwe hufungwa uzazi. Niliamini. Nani angethubutu kujaribu?

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka mjini. Siku moja tajiri akasema atampeleka mkewe mbuga za Usangu kuona nyama, kisha waendelee hadi Iringa kwa ndugu zao. Mimi niende kuwapikia chai. Nikafunga chumvi, kisu na kikapu kikubwa. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Kuona, mke wangu, siyo kula. Wale hata yai hawagusi."

Nilipigwa na butwaa. Kuunguza petroli yote ile kwenda kumkodolea macho pundamilia, halafu umwache aende zake! Kikapu nilikichukua hivyo hivyo.

Asubuhi ya safari, nani namsikia anakohoa nje? Baba mkwe. Katoka Rungwe, anataka lifti kwenda kwa binti yake Iringa. Tajiri na mkewe walikaa mbele na dereva, kwa hiyo nyuma tulibaki mimi na yeye. Mume wangu akatundika turubai kwa urefu wa bodi, mimi kushoto na sufuria zangu, mzee kulia na fimbo yake. Tukateremka namna hiyo hadi Usangu, tumetengwa kama mbuzi wa watu wawili.

Mimi ni mtoto wa migombani. Mnyama mkubwa niliyemjua ni ng'ombe. Twiga wa kwanza alipoinua shingo juu ya mgunga nilipiga yowe. Nyati walisimama wakitutazama kana kwamba wanatudai. Upande wa pili wa turubai mzee aliuambia upepo, maana mimi haniambii, "Nyama yote hii, na hatuna hata mkuki!" Hapo nilimpenda kidogo.

Adhuhuri rejeta ikachemka. Mume wangu akachukua debe akaenda mtoni kutafuta maji. Tajiri na mkewe walikuwa wamepandisha vioo kwa sababu ya mbung'o. Baba mkwe akashuka kujisaidia, akazunguka nyuma ya lori, akaja upande wangu na kukiendea kichuguu kilichokuwa mbele. Nikajifunika kanga upesi, nikabakiza upenyo wa jicho moja wa kutazamia nyasi tu. Nyasi za pembeni mwa kichuguu zilikuwa na masikio.

Nikaita, "Nyama! Nyama!"

Nilikosea. Mzee alisikia sauti ya mkamwana wake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, alivuta koti akafunika uso, akanipa mgongo, akaharakisha kuniondokea nisiaibike. Aliharakisha kuelekea kichuguuni. Masikio yakainuka, kichwa kikafuata, na kichwa kile kilikuwa kikubwa kuliko debe la mume wangu.

Nikatupa kanga. Nikasimama juu ya bodi kichwa wazi, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Simba! Simba! Simba!"

Alisimama. Kwake yeye, mke wa mwanawe alikuwa anamwita kwa jina lake tupu, kama mtu anayemwita mbwa. Akageuka kwa hasira akanitazama usoni, nami nikamtazama. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea kichuguuni.

Sijapata kuona mzee akikimbia vile. Aliparamia lori upande wangu na kuanguka katikati ya sufuria. Tulibaki tunatazamana, wote midomo wazi. Alikuwa na macho ya mume wangu, yaleyale, na kovu kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Mnyama yule alipita kando ya lori akaenda zake kivulini. Hakutugeuzia hata jicho. Siku ile yeye ndiye aliyeshika adabu.

Mzee akainuka, akahamia upande wake na kulifunga turubai vizuri kwa mikono yake. Mimi nililishika tumbo langu njia nzima hadi Iringa, na si kwa ajili ya mnyama. Jioni mume wangu aliniambia, "Umemwokoa baba yangu."

"Na tumbo langu je?" nikamuuliza.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Baba mkwe alikuja kutoka Rungwe, akasimama nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka, ukuta ukiwa kati yetu. Uso wake sikuuona, wala sikuuona tena mpaka anafariki. Nilimsikia akimuuliza mwanawe mtoto anaitwa nani. Mume wangu akamjibu kwamba bado hatujampa jina.

Mzee alikohoa, kisha akapaza sauti kidogo ili ipite ukutani.

"Mpeni langu. Mama yake anajua kuliita."