Fuko wa Matulo na Kesi ya Viazi

Niliondoka Kitale mwaka wa 2005, mahindi ya Trans-Nzoia yakiwa yameanza kukauka shambani, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushona kaptula za shule. Hiyo ndiyo sababu yenyewe na sitaipamba. Ndugu yangu Kamau alikuwa na duka la sare mjini, na mimi nilikuwa fundi wake. Lakini kila msimu wa tamasha za michezo ya kuigiza ukifika, walimu walinijia nyumbani, mtaa wa Tuwan, niwashonee simba, ndovu na jogoo, na hapo ndipo nilipojihisi kweli nina mikono. Siku moja, nikiwa kwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikasoma kwamba msanii mmoja aitwaye Nekesa amefungua kambi ya wasanii kwenye shamba la marehemu baba yake huko Matulo, karibu na Webuye. Alitaka watu wachache wakae pale mwezi mzima, wachunguze utamaduni ambao mimi sikuwa nimewahi kuusikia.

Ni hivi. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao kila mmoja hujichagulia mnyama awe ndiye yeye. Si mnyama wa porini. Ni mnyama anayesimama kwa miguu miwili, mwenye jina lake, tabia zake na kicheko chake. Wengine humchora tu. Wengine humshonea vazi zima la manyoya, toka utosini hadi kwenye kucha, wakaingia ndani yake na kwenda kukutana na wenzao. Nilisoma habari hiyo mara ya pili, nikajiambia, Wambui, hawa ni watu wako.

Mama yangu hakuona hivyo. Alimaliza kuchambua maharagwe, kisha akaweka sharti. Kamau alikuwa anafungua duka la pili Kiminini na alitaka nilisimamie mimi. Mama akasema niende huko kwa wanyama, lakini nikirudi mikono mitupu, bila kitu ambacho watu wamekiona na kukikubali, nitaingia duka la Kiminini na hataki kusikia neno tena. Nilikubali. Kiburi changu nakijua, na siku hiyo kilikuwa kimeshiba.

Ndalu ndicho kituo changu cha kwanza. Jirani alikuwa anapeleka mbegu kwa pikapu, akanibeba bure pamoja na gunia langu la vitambaa. Shangazi yangu ana shamba pale, na nilimkuta amesimama katikati ya viazi vitamu akitukana. Vilima vidogo vya udongo mbichi vilikuwa vimejaa kila mahali, na chini ya kila shina la kiazi hamna kitu. Fuko, yule mchimbaji wa chini ya ardhi, alikuwa amepita. Shangazi alimtukana fuko huyo kwa jina la baba yake na la babu yake, kana kwamba anawafahamu, na mimi nikasimama pale nikimsikiliza, mwili mzima ukinisisimka. Nilikuwa nimeondoka nyumbani bila kujua nitakuwa mnyama gani. Sasa nilijua.

Webuye nilifika mchana, nikapanda boda boda ya baiskeli hadi Matulo, gunia likiwa mapajani. Nekesa alinipokea langoni. Ni mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyekaa ng'ambo miaka mingi akisomea sanaa. Mgeni mwingine alikuwa Marten, Mholanzi mpole mwenye ndevu nyekundu, ambaye kwao alikuwa mbwa mwitu tangu ujana wake. Alifungua sanduku akanionyesha kichwa cha huyo mbwa mwitu, na mimi niliyejiona fundi nilitafuta mshono nisiuone. Taya zilifunguka na kufungika, masikio yalicheza. Nilikishika kile kichwa kwa adabu, na moyoni nikaapa kwamba cha kwangu kitakishinda.

Jioni hiyo, tukila ugali na mboga ya kunde, Marten alitueleza desturi ya watu wake. Ukishavaa mnyama wako, huongei. Unapunga mkono, unainamisha kichwa, unacheza, lakini sauti haitoki, kwa maana sauti ya mtu ikitoka mnyama anakufa na wanaokutazama wanabaki na mtu aliyevaa manyoya. Nekesa alikubali, nami nikakubali. Maonyesho yangekuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, katika ukumbi wa kanisa, ambao kamati yake ilikuwa imetuazima.

Bungoma mjini tulikwenda kutafuta manyoya. Kwenye soko la mitumba kuna makoti mazito ya akina mama wa Ulaya ambayo hakuna mtu wa Bungoma anayeyataka, nani atavaa blanketi jua hili? Mwenye kibanda aliponiona nakumbatia matatu kwa pamoja alidhani nina malaria. Niliyafumua, nikayashona upya juu ya sponji ya godoro. Kucha nilizichonga kwa pembe za ng'ombe nilizopewa buchani. Meno yalitoka kwenye mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia. Macho ya fuko ni kama hakuna, kwa hiyo nilijiachia tundu la kuonea chini ya pua, nikalifunika kwa kipande cha chandarua. Wiki ya tatu alikuwa tayari, mweusi, mnene, na mwenye uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Nilimpenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Matulo, alasiri ya siku aliyokamilika, nilimvaa nikatoka naye njiani kujaribu miguu. Aliyekuja mbele yangu alikuwa jirani yetu, Mama Nafula, mkulima wa viazi, akitoka kusaga unga, karai kichwani. Alisimama. Hakuogopa, na hilo nataka lieleweke. Aliniangalia juu hadi chini, akatabasamu kidogo, akanisalimia kwa Kibukusu, "Mulembe."

Nikapunga mkono. Akasema tena mulembe, polepole, akidhani labda sikusikia. Nikainamisha kichwa. Akateremsha karai chini, akajifuta mikono kwa leso, akanisalimia mara ya tatu akiniangalia pale penye pua. Nami, mwanafunzi mwema wa Marten, nikacheza kidogo kwa miguu. Tabasamu likampotea usoni. Akachukua unga wake akapita kando ya njia, kwenye majani, ili tusigusane.

Kesho yake asubuhi mzee wa kijiji, Mzee Wanjala, alifika na watu wawili wa kamati ya kanisa. Hawakukaa. Walisema kile kilichoonekana njiani kimesalimiwa mara tatu kikakataa kuitika, na kwamba mambo ya kujigeuza wanyama wanayajua toka zamani, hayakuanza na wazungu. Ufunguo wa ukumbi walikuwa wameshauchukua. Wageni waondoke kabla ya Jumapili.

"Mtu akinyimwa mulembe amenyimwa amani," Mzee Wanjala alimwambia Nekesa. "Wewe ni mtoto wa hapa. Hii ulikuwa unajua."

Walipoondoka Nekesa alikaa kwenye ngazi za mlangoni akalia, kwa sababu kweli alikuwa anajua, na miaka ya ng'ambo ilikuwa imemsahaulisha hadi akasikiliza desturi ya mgeni na asiikumbuke ya kwao. Marten alikuwa amepauka. Alitaka kuandika barua ya kuomba msamaha. Nekesa alitaka tufunge kambi. Mimi nilikuwa nimekasirika hadi masikio yanawaka. Nilimkasirikia Marten, nikajikasirikia mimi, nikaiona Kiminini inanisubiri na kaptula zake. Nikapendekeza niende kwa Mama Nafula nimwombe radhi. Nekesa akatikisa kichwa.

"Atakuambia si wewe alisalimia," alisema. "Alisalimia hicho kitu."

Hapo akili ikanifunguka. Kama aliyesalimiwa ni fuko, basi anayedaiwa jibu ni fuko, na Wambui hata akipiga magoti atakuwa anajibu salamu isiyo yake. Niliwaambia kesho ni siku ya soko na fuko ataenda sokoni, na ataongea. Marten alianza kusema kuhusu desturi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba desturi yake iko nyumbani kwao ikimngoja, hapa tuko Matulo. Alinitazama, kisha akainuka akaniletea brashi yake ya kuchania manyoya.

Siku ya soko nilitoka mapema, jua likiwa wazi, Nekesa kando yangu akinishika kiwiko maana tundu langu lilionyesha mbele tu. Watoto walikimbia. Wauza nyanya wakainuka. Mtu mmoja akaokota jiwe, nikaliona. Nilijikaza nikaenda moja kwa moja hadi kwenye mafungu ya viazi ya Mama Nafula, nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti yangu yote, "Mulembe, mama."

Mama Nafula alipanga viazi vyake, akavipanga tena.

"Juzi ulikuwa bubu?" akauliza.

"Juzi nilikuwa nimetoka chini," nikasema. "Masikio yalijaa udongo. Salamu zako nimezisikia leo, zote tatu, ndiyo nimekuja kuitika. Mulembe muno. Mulembe muno. Mulembe muno."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Mama Nafula akainuka, akaja karibu, akashika kucha zangu za pembe akazikagua, akaangalia meno. Niliona midomo yake inacheza.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye umekula viazi vyangu miaka hii yote. Kaa chini, bana. Tuko na kesi."

Nikakaa, pale pale vumbini. Jamani, sijawahi kuona watu wakikusanyika haraka namna ile. Mama Nafula alinishtaki kwa viazi vitamu, mihogo, na mgomba mmoja ulioanguka baada ya mizizi kuliwa. Mwingine akaleta kesi ya karanga. Mwanamume aliyeshika jiwe, jiwe likiwa bado mkononi, alisimama kudai fidia ya mtego wake ambao nilikuwa nimeukwepa nikauziba kwa udongo, kwa dharau. Mzee Wanjala aliitwa kutoka kwenye chai yake. Alikuja amekunja uso, akasikiliza, na alipoulizwa aamue akavuta kiti akakaa kama hakimu.

Nilijitetea. Nilisema mimi nageuza udongo wa Matulo yote bila jembe, na hakuna aliyewahi kuniita kwenye chai ya palizi. Nilisema viazi vya Mama Nafula ni vitamu kuliko vya Ndalu, na huyo ndiye wa kulaumiwa. Mama Nafula alicheka hadi akashika mbavu. Mzee Wanjala alijaribu kukohoa kicheko chake kikamshinda.

"Fuko amesamehewa," akatangaza. "Faini yake, Jumapili akuje ukumbini na wenzake wote, asalimie kila mtu, mmoja mmoja. Ufunguo nitaleta mimi."

Jumapili ukumbi ulijaa, wengine wakachungulia madirishani. Michoro ya Nekesa ilikuwa ukutani, watu wa Matulo wakiwa wanyama wa shamba zao, na kila aliyejitambua alimvuta mwenzake aje aone. Marten alisimama mlangoni ndani ya mbwa mwitu wake, akivunja desturi ya maisha yake yote, akisema mulembe muno kwa lafudhi yake ya Kiholanzi kwa kila aliyeingia. Watu walipanga foleni wamsalimie, wakatoka nje, wakapanga tena. Hapa hatuna mbwa mwitu wa Ulaya, wakamwita Simba, jina la mbwa wa kila boma, na aliitika.

Baada ya maombi walidai kesi irudiwe, tukairudia, na safari hii mashtaka yalikuwa zaidi. Mama Nafula aliomba avae kichwa cha fuko. Akaingia ndani akajitetea kama fuko dhidi ya kesi yake mwenyewe ya viazi, kwa Kibukusu, vizuri kuliko mimi, wajukuu wake wakimtafuta huku amesimama mbele yao. Mwanamke mmoja mwenye nyumba ya sanaa Nairobi, aliyealikwa na Nekesa, aliniambia anataka kesi hiyo ihamie kwake, fuko na washtaki wote. Nilijibu nitafikiria. Kisha nikaenda nyuma ya ukumbi nikaruka-ruka peke yangu.

Kitale nilirudi siku ya Jumatano, na habari ilikuwa imenitangulia. Shangazi wa Ndalu alikuwa amepiga simu kusema Wambui amepelekwa kortini Matulo kwa wizi wa viazi. Mama alinipokea na chai, Kamau akiwa ameketi kando. Niliwasimulia yote. Niliwaambia nilichojifunza, kwamba nilienda kujifunza kuwa mnyama na watu wa Matulo wakanionyesha kuwa hata mnyama akitaka kukaa na watu lazima aitikie wanaposalimia. Mwishowe nikamvaa fuko pale sebuleni. Mama alimzunguka, akapapasa mshono wa bega, akaukagua upande wa ndani, jinsi alivyonifundisha nikiwa mdogo. Kamau akauliza sasa lini naanza Kiminini, maana rafu zimeshafika.

"Tafuta mtu mwingine wa duka," mama akamwambia, bado ameshika bega langu. "Huyu ako na kazi yake."