Mwaka Niliomnyima Masanja Ubatizo

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwa Paroko, pale Mji Mkongwe, shati langu limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Nilikuwa katekista mpya, yaani mwalimu wa dini wa kanisa, na nilijiona nshafika. Paroko aliniuliza swali moja tu: Biblia inatukataza kuhukumu, na mahali pengine inataka tuhukumu kwa haki, nitafundisha lipi? Nilijibu haraka, aya juu ya aya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa ufunguo wa darasa.

Naikumbuka kwa hamu miaka ile. Majirani zetu Waislamu waliniita Mwalimu, kwa heshima ileile waliyowapa walimu wao wa chuo cha Kurani, na kila Sikukuu Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili alituletea sahani ya halua. Jioni niliwafundisha wakatekumeni, watu wanaoandaliwa kubatizwa, madirisha yakiwa wazi na sauti za barazani zikiingia.

Kisha nikahamishiwa kigango cha Jambiani, kanisa dogo la tawi, waumini wake wengi ni wafanyakazi wa hoteli na mafundi kutoka bara. Mmoja wa wakatekumeni alikuwa Masanja, fundi mwashi. Kila Jumapili baada ya ibada humkosi akimwonyesha mtu ukuta wa kanisa: huu nimeujenga mimi, kwa mkono huu. Siku hizo nilikuwa nafundisha kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi. Basi nilipopeleka majina ya watakaobatizwa Pasaka, la kwake nikaliacha, nikaandika pembeni: ana majivuno, angoje mwaka mmoja.

Masanja hakugomba. Aliendelea kuja, akikaa benchi la nyuma, na habari za ukuta akaziacha kabisa. Nikafurahi moyoni, nikidhani dawa imemwingia.

Miezi michache baadaye mama yake akafariki huko bara. Masanja aliporudi kutoka mazikoni, Paroko alikuja kumpa pole, nami nikafuatana naye. Ndipo niliposikia kwamba zamani mkono wake ule ulipondwa na mashine ya zege, daktari akashauri ukatwe, na mama mtu akasali mpaka ukapona. Ukuta wa kanisa ndiyo kazi ya kwanza mkono ule uliyoifanya.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba anayejisifu ajisifu katika Bwana," aliniambia taratibu. "Nilidhani ndicho nilichokuwa nafanya. Mama alishakata tiketi ya kuja Pasaka ile."

Njiani Paroko akaniuliza, "Kabla hujaandika, ulimwuliza chochote?"

"Sikumwuliza, Padri."

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa zima nikamtaka Masanja radhi. Alinipa mkono. Pasaka iliyofuata alibatizwa, hana wa kwao hata mmoja kanisani.

Sasa nshastaafu. Makatekista vijana huja kuniuliza namna ya kupatanisha aya: Mungu hubariki maskini, na huku twasoma baraka za matajiri, twaambiwa tunyenyekee, na mtume anajisifu. Nawaeleza ninavyoweza, halafu nawaambia waende kwanza nyumbani kwa mtu, wakae naye. Wengine huona nakwepa swali. Lakini mama yake Masanja alikufa hajamwona mwanawe akibatizwa, na sababu ni mstari mmoja wa mwandiko wangu.