Michemraba Iliyolala Jikoni

Kwa muda mrefu jirani yangu hakuelewa ninakwenda Tanga kufanya nini. Yeye ni fundi wa ujenzi, mama wa watoto watatu, aliyejifunza kazi kwa marehemu baba yake hukuhuku juu Lushoto. Mimi nafundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Kila niliporudi kutoka mkutano wa chama chetu cha wataalamu wa zege, nilimkuta kwenye shamba lake la karoti, jirani na njia ninayopita.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za chama?"

"Marahaba. Nzuri tu."

"Mmegawana?"

"Hatugawani kitu."

"Basi mnakopeshana."

"Hatukopeshani."

"Au ni cha kuzikana?"

"Hata kuzikana bado."

"Sasa watu wazima mnashuka mpaka Tanga kufanya nini?"

"Tunazungumza habari za zege."

Alicheka mpaka akaegemea jembe, kisha akawageukia wenzake na kuwatafsiria kwa Kishambaa, nao wakacheka upya. Tangu siku hiyo, nikipita na begi, mmoja wao hakukosa kunipigia kelele nikawasalimie zege.

Sikuwalaumu. Huku kwetu mtu akisema chama, tunafikiria wanawake wanaoweka akiba pamoja, au majirani wanaochanga kunapotokea msiba. Chama cha watu wanaokutana ili kuulizana kwa nini sakafu ya fulani imepasuka ni kitu kigeni. Mimi mwenyewe mkutano wa kwanza ulinishangaza. Ukumbini walikuwamo wahandisi, mafundi wa maabara, wauzaji wa saruji, walimu kama mimi, na mafundi wenye vumbi viatuni. Asubuhi nzima walibishana juu ya ndoo. Mwongozo wao ulikuwa umeandika kwamba mfuko mmoja wa saruji upewe maji ya ndoo kadhaa, na mzee mmoja akasimama akauliza, ndoo ipi? Ya rangi au ya mafuta ya kula? Maana alishaona zote mbili kwenye kazi moja, na zege lilitoka sura mbili. Niliona kama mchezo. Kufika saa za chakula nilikuwa nimeelewa kwamba nimekaa na watu wanaomheshimu mtu watakayemwachia jengo, hata kama hawatamwona maishani. Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Ikatokea kijiji kimoja cha njia ya Shume kikaamua kujenga daraja dogo la zege juu ya kijito. Wakati wa masika kijito kile huwakatia njia watoto wa shule na akina mama wanaobeba kabichi na viazi kwenda barabarani, ambako magari huchukua mizigo kushuka Mombo. Kazi akapewa jirani yangu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kusimamia peke yake tangu baba yake afariki, na kuna wazee waliosema waziwazi kwamba daraja si kazi ya mwanamke.

Kokoto na mchanga vilibebwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, kichwani, kutoka pale lori lilipoishia. Siku ya kumwaga zege kijiji kizima kilikuwa kwenye mteremko, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Yeye aliyalinda maji ya kuchanganyia kama askari. Kila aliyekuja na ndoo ya kulainisha mchanganyiko alirudishwa nayo.

"Mama, zege lako gumu hili!"

"Ukitaka uji, nenda nyumbani ukapike."

Mhandisi msimamizi, kijana makini ambaye naye ni mwanachama wetu, alijaza zege lilelile katika maboksi madogo ya chuma. Kesho yake yakatoka matofali mazito yenye pande sawa, michemraba, ambayo mafundi huiita kyubu. Hao ndio mashahidi wa daraja. Huwezi kulivunja daraja ili ujue nguvu yake, kwa hiyo unavunja mchemraba uliozaliwa nalo siku moja. Mhandisi alikuwa na kazi nyingine za kukimbilia, akamwachia fundi michemraba ile na kumwambia aitunze vizuri mpaka itakapopelekwa maabara.

Naye akaitunza. Daraja alilifunika kwa magunia na majani ya migomba, akawa analimwagilia asubuhi na jioni, hata siku za ukungu, watu wakimwuliza kama anapanda mboga.

Muda ulipofika, michemraba ikapelekwa maabara Tanga, ikabanwa na mashine mpaka ikavunjika. Ilivunjika mapema mno. Zege la daraja, kwa ushahidi ule, lilikuwa dhaifu.

Mhandisi alipanda huku akiwa na uso wa mtu asiyelala. Mkataba ulikuwa wazi: zege likishindwa, libomolewe. Alichora alama nyekundu juu ya daraja, akakataza mtu yeyote kupita au kuondoa nguzo za miti zilizolishikilia kwa chini. Jirani yangu alikuja kwangu jioni hiyo bila utani.

"Mwalimu, nitawaambiaje? Wamebeba kokoto vichwani, wengine na watoto mgongoni. Niwaite tena waje na nyundo?"

"Maji ulizidisha?"

"Sikuzidisha hata kikombe. Uliza mtu yeyote."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Lakini kumwamini mtu si kipimo, na hapo ndipo nilipokiona chama chetu kwa macho mapya. Niliandika habari zote kwenye kundi letu la simu: mchanganyiko, siku ya kumwaga, hali ya hewa, matokeo. Mhandisi mwenyewe akaongeza picha. Kabla giza halijaingia watu wa mikoa minne walikuwa wameshauliza maswali. Mmoja aliuliza mchanga umetoka wapi. Mwingine aliuliza kama saruji ilikaa sana ghalani. Kisha mzee yule wa ndoo, mkuu wa maabara aliyestaafu, akapiga simu badala ya kuandika, akaomba azungumze na fundi. Nikaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Niambie, michemraba ililala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani wapi? Kwenye pipa la maji?"

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini hakumtumbukiza mtoto kisimani.

"Hapana, Mzee! Niliiweka pazuri. Jikoni, kwenye uchaga, juu ya mafiga."

"Juu ya moto?"

"Kwenye moshi. Tunapoweka mahindi ya mbegu. Huku ni baridi, Mzee, ningeiacha nje?"

Mtu wa pwani angeweza kucheka. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye uchaga kama huo. Kitu unachokithamini, kitakachokuja kukujibu msimu ujao, hukiweki sakafuni wala majini. Unakipandisha juu ya mafiga, moshi ukilinde na wadudu na unyevu. Alikuwa ameipa michemraba heshima ya mbegu. Nafasi bora zaidi katika nyumba yake ndiyo iliyoiumiza.

Mzee hakucheka. Alimweleza polepole, nami naliandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayelihitaji. Watu husema zege limekauka, lakini zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji hunywa maji, na kwa kuyanywa inajishika na mchanga na kokoto, siku baada ya siku. Ukiyaondoa maji mapema, inaishia njiani. Kwa hiyo michemraba huzamishwa majini mpaka siku ya kupimwa. Ile ya jikoni ilikauka ikiwa bado na kiu, na mashine ikapima kiu hiyo. Juu ya daraja lenyewe ilikuwa haijasema lolote.

"Na daraja ulilimwagilia?"

"Kila siku, Mzee. Lilifunikwa lote."

"Basi usishike nyundo. Mwongozo wetu una ukurasa kwa jambo hili. Mhandisi anaujua."

Mhandisi aliujua, ila hakuwa amewahi kuutumia. Unasema kwamba sampuli zikishindwa, kwanza ichunguzwe zilitunzwaje, kisha jengo lenyewe litobolewe na kupimwa, na baada ya hapo ndipo liamuliwe la kubomoa. Nilipenda kuona jinsi ukurasa ule ulivyompunguzia mzigo. Haukuandikwa kumtetea fundi wala kumwumbua mhandisi. Watu walikaa chini zamani, hakuna daraja la mtu hatarini, hakuna aliyekasirika, wakakubaliana nini kifanyike siku ambayo watu watakuwa wamekasirika.

Mzee alipanda mwenyewe na mashine ya kutobolea. Chama kilimwazima mashine, yeye akatoa siku yake. Kijiji kilijaa ukingoni mwa kijito. Mashine ilinguruma, maji yakitiririka meupe kama maziwa, mpaka ukatoka mche wa duara wa zege, mrefu kama gunzi la mahindi. Mzee aliugeuzageuza, akampa fundi aushike.

"Unaona mapengo?"

"Sioni."

"Hata mimi. Lakini macho yangu hayakubaliki maabara."

Alitoboa sehemu tatu, akamfundisha fundi jinsi ya kuziba matundu, akashuka na vipande vyake. Siku za kusubiri zilikuwa ngumu. Jirani yangu aliendelea kumwagilia daraja ambalo kwa karatasi lilikuwa limehukumiwa, na wale wazee walipita wakimwuliza kama nyundo ameshanunua.

Simu ikaja kwa mhandisi, naye akampigia fundi kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Zege lilikuwa na nguvu kupita ile iliyotakiwa. Aliporudi kufuta alama yake nyekundu, alisugua kwa mikono yake mwenyewe, na akamwomba fundi asimame naye wakati nguzo za chini zikigongwa na kuondolewa moja moja. Daraja halikutikisika. Mzee mmoja kati ya wale wasemaji alivuka wa kwanza, akageuka katikati, akasema, "Mbona liko sawa tu?" kana kwamba kuna mwingine aliyekuwa na wasiwasi.

Wiki chache baadaye mzee wa maabara aliomba jambo: fundi aje kwenye mkutano wetu, aeleze kilichotokea.

"Nikasimame mbele ya wahandisi niseme nilibanika zege?"

"Hivyo hivyo hasa," nilimwambia. "Kile chama ni cha watu wanaosema hivyo."

Tulishuka pamoja. Alivaa kitenge kipya, na kuanzia Soni hadi Mombo alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ya chini. Ukumbini alisimama, akaeleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka: ndoo, magunia, uchaga, mafiga. Alipofika kwenye mahindi ya mbegu, vicheko vililipuka, naye akacheka pamoja nao, kisha akasubiri wanyamaze. Akawaambia kwamba neno "tunza" halitoshi, kwa sababu kila nyumba ina namna yake ya kutunza, kwa hiyo waandike "zamisha majini". Katibu akainama kuandika.

Kabla hajaketi, mwanamume mmoja mnene akasimama nyuma. Alisema anatoka Makete, ambako baridi ni kali kuliko hiyo yetu, na kwamba yeye sampuli zake huzifunga blanketi na kuzilaza kwenye banda la mbuzi, kwa sababu ya joto lao. Ukumbi ukaanza kucheka tena. Mwenyekiti alifungua mdomo amjibu, lakini jirani yangu alikuwa ameshakivuta kipaza sauti kwake.

"Pole, kaka," alisema. "Hilo blanketi unalilowesha?"