Nishani ya Baba, Daraja la Pili

Baba alikuwa na nishani ya Kisovieti, na kabla ya kuwaonyesha wageni alinawa mikono kwa sabuni. Kabla ya kula hakuwa na bidii hiyo.

Ilikuwa ndogo, ya shaba, ya mviringo, imening'inia kwenye kifundo cha utepe wa chuma kilichopakwa rangi nyeupe. Mbele kulichongwa mwanamke amempakata mtoto, na kinyota chenye miali juu yao. Nyuma palikuwa na nyundo na mundu, pamoja na maandishi ambayo katika ukoo wetu mzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kuyasoma. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akitutafsiria.

"Huyu mama ni Umoja wa Kisovieti," alisema. "Na huyu mtoto ni Afrika. Waliopewa ni wachache sana."

Nasi tukaamini. Baba alisomea udaktari wa mifugo Voronezh, Urusi, akarudi na shahada, koti zito ambalo Dodoma haikupata namna ya kulitumia, na hiyo nishani, ambayo kwa maelezo yake alivishwa na serikali kwa kuwashinda wanafunzi wote. Sisi wanawe wanne, mimi nikiwa kifungua mimba, tulikua tukijua kwamba ukishika nafasi ya pili darasani umewaangusha wazazi wako, taifa lako, na dola moja kubwa ya ng'ambo iliyokuwa haikufahamu.

Siku hizi Baba anaishi nami Okolona, kusini mwa Louisville. Mama alipofariki nilimleta. Mimi nafungasha vifurushi kwenye ghala. Yeye hukaa dirishani akiwatazama mbwa wa majirani na kuwatolea majibu ya vipimo ambavyo hakuna aliyeviomba. Mdogo wangu wa kiume yuko Columbus, amepanga chumba karibu na chuo kikuu, anaandika tasnifu ya uzamivu. Ameianza zamani. Tumeacha kumuuliza.

Mwaka jana binti wa baba yetu mdogo aliolewa Buffalo. Nikamtia Baba kwenye gari asubuhi, na nishani yake mfukoni mwa koti la suti, kwa kuwa alipanga kuivaa harusini. Columbus tukampitia mdogo wangu. Aliingia na begi la mgongoni na habari njema.

"Dada, nimempata mzee mmoja anayekusanya nishani za Kisovieti. Yuko Kenmore, hapo hapo jirani na Buffalo. Atatupa thamani yake."

Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba nishani moja ya Kisovieti iliuzwa kwa bei ya nyumba. Wasomi husoma hivyo: neno "nyumba" waliliona, neno "almasi" kwenye sentensi hiyo hiyo likawapita.

"Haiuzwi," alisema Baba kutoka kiti cha mbele.

"Hatuuzi, Baba. Tunataka kujua thamani tu."

"Thamani yake ninaijua mimi."

Akageukia dirisha, akaanza kuwatazama ng'ombe wa Ohio kwa makini, hata mahali ambapo hapakuwa na ng'ombe.

Siku ya harusi, nyumbani kwa baba mdogo tulikofikia, Baba akiwa amepumzika baada ya chai, mdogo wangu aliitoa nishani mfukoni mwa lile koti. Mimi nilishika mlango usilie. Watu wazima wawili, mmoja akiwa mtafiti, tukaondoka kwa kunyata kama wezi wa kuku.

Mzee wa Kenmore alikuwa daktari wa meno mstaafu. Alitukaribisha kwenye chumba chake cha chini ya nyumba, chenye makabati ya droo nyembamba, akavaa glavu, akaiweka nishani yetu juu ya kitambaa cheusi. Hakuhitaji hata kuwasha taa ya pili.

"Ni ya mama yenu?" aliuliza.

"Ya baba yetu."

"Ya baba yenu," alirudia, kwa upole wa mtu anayezungumza na wafiwa.

Kisha akaigeuza, akayasoma maandishi, akatutafsiria. Ilikuwa Nishani ya Uzazi, Daraja la Pili. Vita kuu ilipokuwa inaelekea mwisho, alisema, nchi ile ilikuwa imezika watu wasiohesabika, na serikali ikaona dawa ni kuwavisha akina mama chuma. Ukilea watoto watano, shaba. Sita, fedha. Saba na kuendelea ni nishani nyingine, na ukifika kumi unapata nyota ya dhahabu na kuitwa shujaa. Hata watoto wa kupanga walihesabiwa. Akatuonyesha jinsi mchongaji alivyokiinamisha kidogo kichwa cha mama kuelekea kwa mtoto, kazi nzuri, alisema, kwa kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni.

"Mamilioni," alisema mdogo wangu.

"Mamilioni. Ndiyo maana bei yake ni ndogo."

Kwa bei aliyotaja tungepata pitsa moja. Kama tungekuwa na kijitabu cha cheti chake, tungeongeza na soda.

Mdogo wangu hakukata tamaa. Uzamivu umemfundisha hivyo. "Je, kuna wanaume waliopewa? Labda kwa mchango wa pekee?"

Mzee alifikiri kwa heshima zote. "Hapana," alisema.

Tulikaa garini bila kuondoka. Mimi nilianza kucheka, lakini mwenzangu alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Dada. Baba alikaa kule miaka sita."

"Ndiyo."

"Watoto watano wanatosha kabisa."

Nikaacha kucheka. Kwa dakika kumi za barabara ya kurudi tulikuwa na ndugu watano wa Kirusi, na mimi nilishaanza kuwachukia, hasa yule wa kwanza.

Tulimkuta Baba sebuleni, amevaa suti, mkono mfukoni. Hakuuliza tulikokuwa. Alinyoosha kiganja, mdogo wangu akamwekea nishani yake.

"Amesemaje?"

"Amesema hongera kwa kujifungua, Baba," nikamjibu. Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyodhani.

Baba akakaa. Aliitazama ile shaba.

"Mwenyewe alikuwa mpishi wa bwalo letu la chuo," alisema. "Mjane wa watoto watano. Mwaka wa kwanza baridi ilinilaza, homa ya mapafu. Wenzangu walikuja mara moja, wakaogopa. Yeye alikuja kila siku na supu ndani ya chupa, akanilisha kwa kijiko. Nilikuwa mtu wa miaka ishirini na moja na alinifuta mdomo. Baada ya hapo akaniita mwanangu mpaka namaliza."

"Na nishani?"

"Siku ya kuondoka alinipa stesheni. Alisema, 'Hii ni ya watoto watano. Wewe ni wa sita, sasa nawadai ya fedha. Chukua, kwangu imepitwa.'" Akajaribu kucheka. "Wenzangu walirudi na pikipiki na cherehani. Mimi nina koti. Babu yenu akaniuliza mbele ya watu, 'Nawe wamekupa nini?' Nikasema, nishani. Nilikusudia uwe uongo wa siku moja."

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, "Ulimwandikia?"

"Mara mbili. Halafu nikapata kazi, nikaoa, nikawa mtu mkubwa." Alisema "mtu mkubwa" kwa sauti ambayo hata mimi, mwenye kebehi ya kugawia mtaa mzima, nisingeweza kuiiga.

Harusini mshereheshaji, ambaye alikuwa ameshapewa sifa zote za Baba mapema, alimwita mbele mzee wetu aliyetunukiwa na dola kubwa kwa akili zake. Nilitaka kuingia chini ya meza. Baba alishika kipaza sauti, akaigusa ile shaba kifuani.

"Hii ni nishani ya uzazi," alisema. "Si yangu. Ni ya mama mmoja aliyenilea Urusi, na nimewadanganya watu miaka yote hii." Akamweleza bibi harusi kwa ufupi habari ya mpishi na supu, akamwambia mama wa mwenzio naye ni mama, akarudi kukaa.

Halafu shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga kigelegele, na ukumbi mzima wa wanawake ukamfuata. Walikuja mezani kwetu kwa zamu. Mmoja alimuuliza kama uchungu ulikuwa mkali. Mwingine alitaka kujua alinyonyesha muda gani. Baba aliwajibu wote kwa kirefu, kwani hajawahi kulikimbia swali la kitaalamu.

Tuliporudi Louisville aliniomba nimtafutie yule mpishi kwenye simu. Alikumbuka jina lake la kwanza tu, na kwa umri wake atakuwa ameshakufa zamani. Sikupata kitu ila hali ya hewa ya Voronezh, nikamwekea hiyo. Sasa kila asubuhi, kabla sijaenda ghalani, Baba ananitangazia kwamba kule kuna theluji, au upepo, au kuna nafuu leo. Ninamwambia niko mbioni, nachelewa kazini. Halafu ninasimama mlangoni mpaka amalize.