Lifti Isiyosimama Ghorofa ya Tano

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ameishi miaka yake yote ya ndoa katika jengo ambalo kibao cha mbele kinaliita Makazi ya Kesho. Sisi tuliokulia humo tunaliita Kabati. Ukilitazama kutoka barabarani utaelewa: refu, bapa, droo juu ya droo, na kila droo ina kibaraza cha zege chenye matundu ya kupitishia upepo. Upepo haujawahi kuyaona matundu hayo. Walioyaona ni njiwa.

Aliyelichora alikuwa msanifu mwenye sifa zake, na wapangaji wa kwanza wakambatiza jina la Bwana Mstari, maana hakuwa na subira na kitu chochote kilichopinda. Kuta aliziacha zege tupu, ndani na nje, kwa imani kwamba jengo lisiseme uongo. Bibi yangu alipokuja kumtembelea bintiye mara ya kwanza alizunguka vyumba vyote kwa heshima, akaketi, akanywa maji, kisha akauliza mafundi watarudi lini kupiga lipu. Alielezwa kwamba huo ndio usanii wenyewe. Akaitikia kwa adabu, lakini mpaka anaingia kaburini aliamini mkandarasi alitoroka na saruji.

Jengo zima limesimama juu ya nguzo, ili hewa na watoto vipite chini bila kizuizi. Leo chini ya nguzo kuna kinyozi, fundi viatu, na mtu anayeuza matairi ambayo hatujui anayatoa wapi. Kwenye paa palipangwa bustani. Pana matangi ya maji na kamba za nguo. Jiko ni dogo kiasi kwamba mtu wa pili akitaka kuingia, wa kwanza sharti atoke na sufuria yake mkononi. Bwana Mstari hakuona tatizo, kwa kuwa katika mawazo yake tungekuwa tunakula sote pamoja, kama ndugu, katika ukumbi mkubwa wa chini. Ukumbi ulitumika kwa chakula siku ya uzinduzi. Baada ya hapo ukawa stoo ya viti vya ukumbi.

Haya yote tuliyazoea. Balaa lilikuwa lifti. Bwana Mstari aliamua kwamba, ukiacha chini, isimame ghorofa ya tatu, ya sita na ya tisa tu. Si kwa ubahili, la, kwa upendo! Alisema watu wakishushwa kila mtu mlangoni kwake watakuwa wageni milele, lakini wakilazimika kupanda au kushuka ngazi kidogo watakutana, watasalimiana, na hapo ndipo jamii mpya itazaliwa. Kwa hiyo kwenye ghorofa nyingine hakuweka hata mlango wa lifti. Aliweka ukuta wa zege, na lifti inapopita nyuma yake unaisikia ikikohoa.

Jamii mpya ilizaliwa kweli, ila ilizaliwa imegawanyika. Kukawa na watu wa kituo, ambao lifti inasimama kwao, na watu wa katikati, ambao inawapita. Binti akileta habari za mchumba wa humo humo ndani, mama hakuuliza kijana ana kazi gani; aliuliza anakaa ghorofa ya ngapi. Ukazuka pia undugu wa lifti. Kila nyumba ya katikati ilijipatia nyumba ya kituo ya kuachia mizigo: mtungi wa gesi, gunia la unga, godoro, mpaka arudi mwenye mgongo wa kuipandisha au kuishusha. Undugu huo si wa mchezo. Ndugu yako wa lifti huombwa ushauri kwenye posa za watoto wako, na kwenye msiba wako hukaa mbele.

Sasa msikie kichekesho. Mama Mdogo alipoolewa alipewa ghorofa ya sita, mlango ukitazamana na lifti uso kwa uso. Akaikataa. Alikuwa bibi harusi mpya, anafanya kazi ya kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, ana mikono ya chuma na ulimi wa chuma, na hakutaka nusu ya jengo lipite mlangoni kwake kumhesabia wageni. Akaenda ofisi ya nyumba kuomba ya tano, chini yake tu, ambako lifti haisimami na hapiti mtu. Karani akamtazama kama mtu aliyekataa zawadi, akambadilishia na kijana mmoja mwenye sanduku moja na miwani. Mama Mdogo na mumewe walimcheka kijana yule kwa muda mrefu. Yeye amepata kelele, wao wamepata faragha.

Kijana yule ndiye Mwenyekiti wa leo wa wakazi wa Kabati. Na mke aliyekuja kumwoa, Mama Mwenyekiti, ndiye ndugu wa lifti wa Mama Mdogo.

Baba Mdogo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuwa anarudi nyumbani siku chache kila mwezi, na ukisikia ngazi zinapigwa kishindo ujue ni yeye, begi begani, anaita majina yetu kabla hajafika. Halafu kiharusi kikamkamata. Kilichukua mguu na mkono wa kulia, kikachukua na maneno yake, kikamwachia moja moja ya kutumia kwa uangalifu. Wanaume wanne walimpandisha kutoka hospitali akiwa juu ya kiti, wakafika wameloa jasho. Kila mmoja alijua hatarudia.

Tulijaribu mara moja kumshusha, sisi wapwa zake. Kwenye kona ya ngazi, ambayo Bwana Mstari aliichora nyembamba ili watu wakipishana watazamane usoni, mmoja wetu aliteleza na kiti kikainama kichwa chini. Tulikidaka. Baba Mdogo, ambaye enzi zake aliteremsha matrela kwenye miteremko ya kutisha akila karanga, alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Basi," akasema. Akaturudisha juu, na tangu hapo mtu akitaja ngazi, hata zile za ghorofa moja tu kupanda kwenye lifti, anageuza uso ukutani.

Hivyo dunia yake ikawa kitanda na kibaraza. Na Mama Mdogo akabaki na haja moja tu hapa duniani, haja ambayo aliizungumza mpaka tukaichoka: mumewe akanyage ardhi tena kabla hajafa. "Mtu amezunguka nchi kibao," alikuwa akisema huku anamkata kucha, "halafu afie hewani, amening'inia kama nguo? Sikubali."

Ndipo ikaja habari kwamba Kabati limetangazwa kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Tulidhani ni utani. Kumbe zimetolewa fedha za kuikarabati lifti, na tukaitwa mkutanoni ukumbini, ambako hatimaye viti vilipata kazi. Akaja mtaalamu wa majengo ya urithi, mama mmoja mpole, mwenye tabia ya kuzipapasa kuta anapoongea. Alituambia tunaishi ndani ya kazi ya sanaa. Watu wakatazamana. Mzee wa ghorofa ya nane, ambaye dari linamvujia, akauliza kama na maji ni sehemu ya sanaa.

Mama Mdogo akasimama. "Mtaalamu, karibu sana. Mimi sina mengi. Mafundi wakija kutengeneza lifti, watutobolee mlango mmoja ghorofa ya tano. Mmoja tu. Nina mgonjwa."

Mtaalamu akasikitika kwa dhati, nakiri. "Mama yangu, pole. Lakini ule ukuta hauwezi kuguswa. Lifti kupita bila kusimama ndilo wazo lenyewe la jengo hili."

"Wazo nalielewa," akasema Mama Mdogo. "Ila mimi nimeolewa na mtu."

Ukumbi ukapiga makofi, na hapo Mwenyekiti akaona kiti chake kinatikisika. Mwenyekiti ni mtu wa kupenda wageni. Kila wakija wapiga picha yeye ndiye anayewatembeza, na amekariri maneno ya Bwana Mstari kuliko Bwana Mstari mwenyewe. Akajikohoza. "Ndugu zangu, tusimwaibishe mgeni. Ngazi ndizo moyo wa jengo hili. Ngazi zimetuunganisha. Mimi binafsi nazipenda sana ngazi zetu."

Nyuma mtu akaangua kicheko, maana Mwenyekiti hata lifti ikiharibika huwa anaisubiri.

"Halafu, shemeji," akaendelea, sasa amekasirika kidogo, "tuseme ukweli. Ghorofa ya sita ulipewa wewe. Ukaikataa mwenyewe. Mimi sikukulazimisha."

Mimi damu ilinichemka. Mama Mdogo yeye alitulia tuli. "Kweli kabisa, shemeji. Niliikataa, nilikuwa na miguu ya kuringia. Leo naitaka. Tubadilishane. Vyumba ni vile vile, jiko ni lile lile, hata ufa wa bafuni tunao sote. Wewe uzipate ngazi unazozipenda, mimi nipate mlango."

Mwenyekiti akacheka peke yake. "Hayo ni mambo ya familia, bwana. Hayaamuliwi kwenye mkutano. Nitakwenda nishauriane na mke wangu."

"Usijisumbue," ikatoka sauti ya Mama Mwenyekiti kutoka safu ya mwisho. "Nimeshashaurika. Nakubali."

Viti vyote vikageuka nyuma. Mama Mwenyekiti hajawahi kusema neno mkutanoni. Sasa alisimama na mkoba wake, akasema yote aliyoyabeba tangu aolewe. "Mnaniona nina bahati, mimi wa kituo. Mnajua mitungi ya nani iko sebuleni kwangu sasa hivi? Mnajua godoro la nani limekaa kwenye korido yangu tangu Jumapili? Sijawahi kulala mchana. Kengele ya lifti ikilia najua kuna gunia linakuja, na mwenye gunia anataka maji ya kunywa. Huyu mume wangu anapenda, anasalimiwa, anaitwa mheshimiwa. Mitungi nahamisha mimi. Dada, nipe ghorofa yako ambayo hapiti mtu, nipumzike!"

Mwenyekiti akanywea kabisa. Angefanya nini? Mtaalamu alikuwa amekwisha kugusa kifua kwa furaha, akisema hakuwahi kuona moyo wa ujirani namna hii, na kwamba Bwana Mstari angelia machozi. Sijui angelia kwa lipi.

Ofisi ya nyumba ikagonga muhuri, na siku ya kuhama kabati za nguo zikapishana na kabati za nguo kwenye ngazi moja. Kila mtu alimsalimia kila mtu, kama ilivyochorwa. Baba Mdogo ilibidi abebwe ghorofa moja juu ili siku moja aweze kushuka chini. Alifumba macho njia nzima, na safari hii tulimshika wanane.

Mafundi wakamaliza lifti. Iling'aa, na kila kitu kilirudishwa kama kilivyokuwa mwanzo, pamoja na mlango. Kwa bahati mbaya Bwana Mstari alichora mlango wa watu wembamba wanaopenda kutembea. Tukasukuma kiti cha magurudumu, kikagoma. Tukakigeuza, kikagoma. Kilizidi kwa upana wa kidole tu.

Nilitamani kumpata Bwana Mstari nimtie mdomoni mwa mlango ule na kumfungia. Mama Mdogo alituacha tukihangaika na kiti. Aliingia jikoni, akatoka na stuli, akaiweka ndani ya lifti. Tukamhamishia Baba Mdogo juu yake, mimi nikamkumbatia kwa nyuma asianguke, Mama Mdogo akasimama mbele amemshika magoti. Lifti ikashuka. Ilipopita ghorofa ya tano bila kusimama nilimsikia Mama Mdogo akivuta pumzi kana kwamba ameibiwa kitu akarudishiwa.

Chini tulimkalisha mbele ya kinyozi. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja kumshika mkono. Baba Mdogo alihangaika na kandambili kwa mguu wake mzima mpaka ikatoka, akaukanyaga mchanga, akausugua, akaukanyaga tena. Mama Mdogo akainama kumvua na ya pili, na hakuinuka upesi. Alikuwa analia.

Wakati huo huo lango la ngazi likamtoa Mtaalamu na kundi la wageni, na nyuma yao Mwenyekiti, shati limemgandia mgongoni, kashika nguzo kwa mikono miwili, hana hata pumzi ya kumnukuu Bwana Mstari. Mtaalamu alipotuona uso ukamng'aa. Aliwaambia wageni kwamba katika mchoro wa kwanza kabisa wa jengo hili kuna mtu ameketi chini ya nguzo namna hii hii, amepumzika. Wakatoa simu, wakapiga picha. Kisha akachuchumaa mbele ya stuli, akamshika mzee wetu mkono kwa upole wote aliokuwa nao.

"Baba, wewe umeishi humu maisha yako yote. Katika jengo hili, kitu gani unakipenda zaidi?"

Baba Mdogo aliinua kichwa akalitazama Kabati, polepole, ghorofa kwa ghorofa, mpaka paani. Wageni wakasubiri. Mmoja alikuwa anarekodi.

"Kutoka," akasema, na akatuonyesha kwa kidole tumsogeze mbele zaidi, tuliache jengo nyuma.