Ndege Wamekula Mtama Nikisoma Kihispania

Leo ndege wamekula mtama wa shangazi yangu, nami nimekaa hapo hapo.

Alikwenda msibani, akaniachia shamba huku kijijini Mpapura niwafukuze ndege. Mtama huo ndio uji wa wanawe mwaka mzima.

Nikafungua simu nisome Kihispania kidogo. Kumbe kwa Kihispania sanamu ya kutishia ndege huitwa espantapájaros. Espanta ni "hutisha", pájaros ni "ndege". Nikazama.

Aliporudi, mistari minne ilikuwa mabua matupu.

"Msomi, ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza neno lote, kipande kwa kipande. (Ndiyo, kweli nilimweleza.)

"Zuri," akasema. "Sasa nionyeshe linavyofukuza."

Nikachukua debe tupu, nikaligonga kuwafukuza ndege mpaka mikono ikafa ganzi. Hakucheka hata kidogo.

Nyie mngemwambia nini?